Nimerudi Tanga, masikio bado yanamsubiri baba

SWALI

Hujambo mwanangu. Nina miaka 66, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji, akienda na kurudi kwa baiskeli, na kabla ya magharibi tulikuwa tunaisikia kengele yake tangu kona ya barabara. Niliolewa Dar es Salaam mwaka 1979 nikaishi huko. Baba alifariki mwaka 1994. Nikaja kuzika, nikakaa hadi arobaini, nikarudi kwangu. Mwaka jana nimerudi kuishi kwenye nyumba yake, pamoja na mjukuu wangu wa miaka 16. Tangu hapo mambo matatu yananisumbua. Jioni nikisikia kengele ya baiskeli moyo unaruka, nusura niinuke nimfungulie mlango, halafu ndipo nakumbuka. Mara nyingine naisikia na wala hakuna baiskeli iliyopita. Pili, tulipita karibu na korona moja, kiwanda cha kuchakata mkonge, ile harufu ya mkonge ikanipiga, nikalia mbele za watu ndani ya daladala. Tatu, mji nauona umekufa, wakati mjukuu ananiambia ni mji mzuri, umetulia. Jirani anasema nina jini la ukoo. Binti yangu anasema niache kuishi na yaliyopita, niuze nyumba nirudi Dar. Wewe unasemaje?

JIBU

Shikamoo, mama. Karibu tena nyumbani, na pole kwa yaliyokukuta kwenye daladala.

Nianze na lile ambalo naona ndilo lililokufanya uandike, ingawa umelificha katikati ya mengine: kusikia kengele wakati hakuna baiskeli. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa eneo alilokuwa akihudumia. Karibu nusu yao walimwambia kwamba tangu mwenzao afariki wamewahi kuhisi yupo karibu, kumwona au kumsikia, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa amewahi kumsikia. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Walikuwa wakiendelea na maisha yao. Kwa hiyo kengele inayokujia mara moja moja, nawe ukajua papo hapo kwamba baba hayupo, haikutoi katika kundi la watu wenye akili timamu. Ingekuwa habari nyingine kama ungekuwa unamwekea sahani ukiamini yuko njiani, au unasikia sauti zinazokuamuru, au unapotea ndani ya mtaa uliozaliwa. Hapo ningekwambia kesho asubuhi uende hospitali ya Bombo. Masikio yako hata hivyo kayapime, kwa kuwa sikio likianza kupungukiwa huuachia ubongo nafasi kubwa ya kujaza yale ambayo halikuyapata.

Kuhusu jini la ukoo sitagombana na jirani. Kila mtu na anachokijua, na mimi nitajibu kwa nilichosomea. Ombi langu ni moja tu: usitoe fedha kwa mganga kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Ninayetaka kubishana naye zaidi ni binti yako. Anakwambia uache kuishi na yaliyopita, na amesema kwa mapenzi, lakini amekuagiza jambo ambalo hakuna kiumbe anaweza kulitenda. Yeye mwenyewe hawezi. Agostino wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliliona hili karibu mwaka 400 alipojiuliza inakuwaje mtu akariri zaburi: neno lililokwisha kutamkwa linabaki kwenye kumbukumbu, lijalo linasubiriwa, na kati yake hakuna kipande cha “sasa” unachoweza kukishika peke yake. Wewe umekulia mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, mfano wako unao tayari. Sauti moja ya gitaa ikikatwa peke yake haina utamu wala uchungu. Inachoma kwa sababu zilizoitangulia bado zimo sikioni. Asiye na yaliyopita hasikii taarabu, anasikia milio.

Si muziki tu. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika katika miaka ya 1860 kwamba kuona ni aina ya kukisia: jicho hupokea mwanga, na akili, bila mwenyewe kujua, huamua mwanga ule ni kitu gani kwa kutegemea yale iliyokwisha kukutana nayo. Watafiti wa siku hizi wamelisukuma wazo hilo mbele zaidi. Wanasema ubongo haukai kungoja habari ziletwe. Hutangulia kubashiri kinachofuata, kisha hulinganisha ubashiri wake na kinachoingia. Vikikaribiana, tunachokisikia ni ule ubashiri. Na malighafi ya ubashiri ni moja, yale tuliyoyapitia.

Uholanzi, mwaka 2001, watafiti waliwasikilizisha wanafunzi wimbo mmoja maarufu wa Krismasi, kisha wakawawekea mvumo mtupu wa redio isiyoshika stesheni. Waliambiwa huenda wimbo ule umefichwa humo kwa sauti ya chini, wabonyeze kitufe kila watakapoamini wameusikia. Haukuwemo kabisa. Karibu theluthi yao walibonyeza. Na hao walikuwa vijana wenye masikio mazima, waliousikia wimbo muda mfupi tu uliopita. Wewe ulipewa kengele ile kila jioni tangu utotoni hadi ulipoolewa, saa zilezile, mlango uleule. Na Ngamiani ya jioni haiishiwi milio: muuza kahawa anagonganisha vikombe, mtu anafunga geti la chuma, pikipiki inapita na kitu kinachocheza kwenye karia. Tanga bado ni mji wa baiskeli, na kengele za kweli zipo tele. Ningeshangaa zaidi kama usingeisikia.

Lakini bado sijajibu kwa nini hapa, na kwa nini sasa. Umeishi Dar zaidi ya miaka 40, na huko pia kuna kengele za baiskeli. Barua yako haisemi kwamba zilikuwa zikikuinua kitini huko. Hapa ndipo penye kiini cha suala lako, na naomba uvumilie nikueleze habari ya mbwa na panya kabla sijarudi kwenye nyumba ya mzee.

Unaweza kuwa umesikia habari za Pavlov, Mrusi aliyewazoesha mbwa kutarajia chakula kila wasikiapo mlio fulani, hata wakawa wanadondosha mate kabla chakula hakijaja. Mlio ukiendelea kupigwa bila chakula, mate hukoma. Wengi walidhani mazoea yamefutika. Pavlov mwenyewe alikwisha ona kwamba mbwa akipumzishwa, mate hurudi bila kufundishwa upya, lakini maelezo kamili zaidi yalikuja baadaye kwa majaribio ya Mmarekani Mark Bouton, ambaye tangu mwaka 1979 amekuwa akiwafundisha panya kuuogopa mlio ndani ya kizimba kimoja, kisha kuwaondolea hofu hiyo ndani ya kizimba kingine. Panya hutulia. Warudishe kwenye kizimba cha kwanza, piga mlio, na hofu ipo palepale.

Maana yake ni kwamba somo la kwanza halikufutwa. Panya alijifunza somo la pili juu yake, kwamba mlio huu hauna kitu tena. Na kuna upendeleo wa ajabu kati ya masomo haya mawili: la kwanza husafiri kwa urahisi kutoka mahali hadi mahali, la pili hung'ang'ania pale lilipofundishwa. Tunajifunza kwamba kitu kipo, tukaenda nacho popote. Kwamba kitu hakipo tena, tunalazimika kujifunza mahali kwa mahali.

Sasa tazama maisha yako. Somo la kwamba baba hayupo ulilisomea Dar, kwenye nyumba ambayo yeye, akifika, alifika kama mgeni. Huko hakukuwa na kona ambayo baiskeli yake ingetokezea, wala mlango wake. Tanga ulikaa hadi arobaini, ndiyo, lakini siku zile hazikuwa siku. Turubai nje, visomo, masufuria ya pilau, ndugu kutoka Pangani na Muheza wamelala hadi ukumbini. Jioni ya kawaida ya Ngamiani, jioni ya Jumanne isiyo na habari yoyote, bila baba, ulikuwa hujaiishi hata moja. Kama una ndugu waliobaki, wao waliziishi kwa maelfu. Kila jioni kengele ililia na asiingie mtu, na kidogo kidogo masikio yao yakakubali. Ukiwaona wametulia usidhani walimpenda kidogo. Walipata muda wa kufundishwa na nyumba yenyewe, nawe hukuupata.

Kwa kalenda msiba wako una zaidi ya miaka 30. Kwa nyumba ile una mwaka mmoja. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, wanahesabu huzuni ya msiba kuwa maradhi pale inapopita miezi sita ikiwa bado kali kiasi cha kumzuia mtu kuendesha maisha yake, na inapozidi kile ambacho mila na dini ya watu wake wanakitegemea. Wewe unapika, unalea, unapanda daladala, unaandika barua iliyonyooka kuliko nyingi ninazopokea. Mimi naiita huzuni iliyocheleweshwa na safari.

Harufu ni habari tofauti kidogo. Milango mingine ya fahamu, kuona, kusikia, kugusa, hupitisha habari zake kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo zigawanywe. Harufu haipiti huko kwanza. Njia yake kutoka puani ni fupi mno na inaishia jirani kabisa na amigdala, inayohusika na hisia, na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Ndiyo maana ulilia kwanza ukajua sababu baadaye. Watafiti wa Sweden waliwafanyia wazee uchunguzi mwaka 2006 wakaona tofauti nzuri: ukimpa mzee neno au picha, kumbukumbu zinazomjia nyingi ni za ujana wake, ukimpa harufu, nyingi ni za kabla ya miaka kumi. Kwa hiyo ile harufu chachu ya makapi ya mkonge yaliyolowa haikukupeleka kwenye msiba wa 1994. Ilikupeleka mbali zaidi, kwenye shati la baba anaporudi, nawe bado hujaanza shule.

Na naomba tuseme ukweli mmoja kuhusu harufu hiyo, kwa kuwa unaonekana kuamini kwamba huzuni imo ndani yake. Haimo. Kwenye daladala ileile huenda alikuwapo mzee mwenzako ambaye baba yake aliletwa Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma au Songea, au kutoka Burundi au Msumbiji. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua, ilisomba watu kwa maelfu. Mtoto wa kambini naye aliivuta harufu hiyohiyo. Kwake ni miba ya majani iliyomchoma baba, ni alfajiri ya giza, ni kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi ambazo zisipotimia hakuna mshahara. Na mkononi mwa nani kulikuwa na kalamu ya kuitia kadi alama? Mwa karani. Sisemi haya kumchafulia mzee wako. Ninachotaka uone ni kwamba hewa ni moja, pua ni mbili, na kila pua inavuta maisha yake. Mjukuu wako, ambaye hana maisha yoyote humo, bila shaka aliziba pua akafungua dirisha.

Sasa mji. Hapa sitaki kukupa jibu jepesi kwamba yote yamo kichwani mwako, kwa sababu hayamo yote. Mkonge ulianguka kweli. Mche ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika safari ya kutoka Amerika, ulizaa zao lililofikia kilele mwaka 1964, nchi ikitoa tani zipatazo 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaua bei kwenye soko la dunia, mashamba makubwa yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mengi yakaendeshwa vibaya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Kiwanda cha mbolea kilifungwa. Treni zikapungua hadi nyasi zikaota katikati ya reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Mwenye kuona pengo kwenye mji huu haoni ndoto.

Ila angalia tarehe zako. Kilele ni 1964, ulikuwa na miaka mitano. Kumbukumbu ambazo watu wazima huzishika kwa nguvu zaidi, kwa utafiti uliorudiwa mara nyingi, ni za kati ya miaka 10 na 30, na kwako zile za Tanga ni za 1969 hadi ulipoolewa. Mwaka 1979 ulipoondoka, uzalishaji ulikuwa tayari umeshuka chini ya nusu ya ule wa kilele. Yaani Tanga unayoililia, ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ya matembezi ya Raskazoni siku ya Idi, ilikuwa tayari inashuka wakati wewe unaifurahia. Sitashangaa kama wazee wa wakati huo walikuwa wamekaa barazani wakisema Tanga si ile tena. Mji haukuwa kwenye neema. Wewe ulikuwa na miaka 17.

Kuna na sababu nyingine mbili zinazoipamba Tanga ile. Ya kwanza ni kwamba machungu ya zamani hupoa haraka kuliko matamu. Tukio baya na tukio jema, yakikaa miaka, hisia za lile baya hufifia mapema zaidi kwa watu wengi. Hiyo ni neema, isingekuwapo tusingesameheana, lakini inavuruga mizani mtu anapolinganisha zamani na leo: leo bado ina makali yake yote, zamani imeshachujwa. Ya pili ni kwamba kumbukumbu hutengenezwa upya kila inapotolewa. Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha hilo mwaka 1932, kwa kuwapa Waingereza wasome hadithi ya Wahindi Wekundu na kuwataka waisimulie tena siku na miezi baadaye. Hadithi ilizidi kufupika na kunyooka, mitumbwi ikageuka mashua, mambo ya ajabu ajabu yakaondolewa, hadi ikafanana na hadithi za kwao. Hawakuwa wakidanganya. Ndivyo wanavyokumbuka watu. Miaka 40 Dar ulikuwa ukiisimulia Tanga, kwa watoto, kwa majirani, na kwako mwenyewe ukiwa umekwama kwenye foleni, na haiwezekani ikawa haikunyooka.

Kwa hiyo unapotembea leo unaulinganisha mji na kitu ambacho hakijawahi kusimama hapa. Mjukuu anaulinganisha na Dar ya foleni na joto. Kila mmoja ana kipimo chake mkononi, na vyote viwili vimetoka nyuma. Kijana naye hauoni mji ulivyo. Anaona mahali ambapo anafika shule kwa baiskeli kwa dakika kumi. Kati yenu nyote wawili hakuna anayeitazama bandari, ambako gati zimechimbwa kina ili meli zifunge palepale badala ya kushushiwa mizigo kwenye matishari huko mbali, wala Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi linaishia baada ya kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mimi binafsi sijui kushangilia sana miradi mikubwa, mkonge nao ulikuwa mradi mkubwa. Lakini mji uliokufa hauchimbiwi gati.

Nisije nikakuacha ukidhani mwenye yaliyopita ni wewe tu, na mjukuu ni karatasi nyeupe. Mwaka 1953, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa kichwa kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika jambo jipya; daktari akitoka chumbani akarudi, ni mgeni. Brenda Milner alimpa kazi ngumu ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku Molaison aliapa hajawahi kuiona kazi hiyo, na kila siku mkono wake uliifanya vizuri zaidi. Yaliyopita yalikuwa kazini, mwenyewe hana habari.

Mjukuu wako anatembea Ngamiani kwa hesabu ya barabara, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ishirini na moja, zilizonyoshwa na watu wa serikali ya kikoloni waliotaka mji wa Waafrika uwe na mistari inayosomeka. Hajui walikuwa nani. Anakata kona zilezile. Lugha anayoongea, namna anavyokuamkia, chakula anachokiona ni cha Ijumaa, hata ule uvivu mtamu wa jioni anaouita “mji umetulia”, vyote amevikuta vimepikwa. Tofauti yenu ni kwamba yaliyopita yako unayatambua yakikugusa.

Sasa la kufanya. Binti yako angependa nikwambie uyakimbie. Mimi nakwambia kinyume chake, na sababu ni wale panya. Nadhani, ingawa hukuandika, kwamba jioni umeanza kuwasha redio kwa sauti kubwa, au kwenda kukaa kwa jirani mpaka magharibi ipite. Ukifanya hivyo nyumba haitakufundisha kitu. Ubongo hubadili ubashiri wake pale tu unapoukuta umekosea. Hilo ndilo lililo katikati ya nadharia za kujifunza tangu wanasaikolojia Rescorla na Wagner walipoliweka kwenye hesabu mwaka 1972. Ukisikia kengele na ukajizuia kuinuka, ubashiri haukujaribiwa, umeahirishwa hadi kesho. Kwa hiyo inuka, mama. Nenda ufungue mlango. Tazama ni nani anayepita, msalimie, ni mtoto wa fulani, anatoka sokoni. Rudi ukae. Siku za mwanzo utaumia zaidi kuliko sasa, nakutahadharisha. Baada ya wiki kadhaa kengele itaanza kuwa ya watu wengine. Haitaisha kabisa, na siku ya kwanza ya Ramadhani au siku yenye mvua kubwa inaweza kurudi kwa nguvu. Hapo usiseme tiba imeshindwa. Ni mahali pengine tu ambapo nyumba ilikuwa bado haijakufundisha.

Korona nenda tena, kwa makusudi, na mjukuu. Usimpe hotuba. Msimulie baba alikuwa akifanya nini humo, kuanzia majani yanapoingia kwenye mashine hadi robota zinapofungwa kupelekwa bandarini. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walionyesha, kwa panya, kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda na kuhitaji kuhifadhiwa upya, na ukiuvuruga uhifadhi huo, hofu yenyewe hupungua. Kwa binadamu jambo hili bado linabishaniwa na mimi siliwekei dhamana. Ila naona kila mara kwamba kumbukumbu iliyosimuliwa kwa mtu anayeuliza maswali ya kijinga hurudi kabatini ikiwa nyepesi. Vijana wa miaka 16 wana maswali ya kijinga mengi. Na kama yupo mzee wa mtaani aliyekulia kambini, mwalike kahawa, mwache aseme Tanga yake. Itagongana na yako. Usimkatize.

Kuhusu mji, acha kwa sasa kuutolea hukumu. Ukijikuta unasema “hapa palikuwa na…”, malizia sentensi, halafu useme leo pana nini, hata kama ni duka la vocha. Mjukuu atakusaidia, yeye anayajua ya leo tu.

Limebaki la nyumba. Usiuze mwaka huu. Anayetaka kuuza sasa ni moyo unaotaka kukimbia kengele, na moyo wa namna hiyo hukubali bei mbaya. Pitia kwanza mwaka wote na misimu yake yote, mfungo, Idi mbili, maulidi, masika, kila kimoja kina nyumba yake ndani ya nyumba ile. Baada ya hapo, ukiona Dar ndiko unakotaka kuwa, nenda kwa amani. Na kuna swali hujaligusa: mirathi ya mzee iligawanywa? Umeiita nyumba yake, hukusema ni yako. Kama una ndugu na hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, huwezi kuiuza hata ukitaka, na mnunuzi atakayekubali bila karatasi hizo ni wa kumwogopa. Hilo lianzeni sasa hivi, kaeni kikao, nendeni mahakama ya mwanzo, maana ndilo litakalochukua muda mrefu kuliko yote niliyokuandikia, na kwalo mimi sina msaada.